Filamu ya Owino Niliyoiunguza

Sitakuomba uniamini. Nimeshamsimulia mchungaji wangu, nimemsimulia mke wangu, na nimesimama mbele ya baraza la chifu mdogo nikasema haya haya, watu wote wakisikia. Kuna waliocheka siku ile. Lakini waliokwenda kumwona Obiero ndani ya chumba chake hawakurudi wakicheka. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kucheka, cheka.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha hapo sokoni Rangwe. Picha za kitambulisho, za harusi, za kwaya, za watoto wa shule. Za rangi nilikuwa natuma Kisii, lakini zile nyeusi na nyeupe nilikuwa nasafisha mwenyewe. Shida yangu ilikuwa moja. Kibanda changu hakikuwa na stima. Nilikuwa natumia betri ya gari, na betri ikiisha nguvu katikati ya kazi, karatasi zinaharibika na mteja anapiga kelele. Kiu yangu ilikuwa chumba chenye stima. Weka hilo moyoni, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Owino. Tulisoma naye, tukabatizwa pamoja mtoni, tukawa kama ndugu. Alioa msichana Mkuria kutoka Ntimaru, jina lake Robi. Robi alikuwa mrefu, mweusi, mtu wa maneno machache. Dholuo, lugha yetu, alijifunza kidogo kidogo, lakini na mimi aliongea Kiswahili siku zote, na aliniita shemeji. Nimekula kwake mara ngapi? Siwezi kuhesabu.

Owino akaugua. Alikonda ule ukondefu wa miaka ile ambao hatukuutaja jina. Alipoona siku zake zimebaki chache, akaniita na kamera yangu. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba, amefunikwa blanketi na jua limewaka. Kando yake walikuwa wazee wawili wa ukoo, na Robi amembeba binti yao mdogo, Boke.

"Omera, ndugu yangu," Owino aliniambia, "kuna karatasi ya shamba, nitaweka kidole hapa mbele ya wazee. Lakini karatasi huchomwa. Wewe nipige picha. Kila kona ya shamba, mimi na mke wangu. Nataka hata mtu asiyejua kusoma aone."

Tukambeba na kiti chake, kona moja baada ya nyingine, kando ya ule ua wa miti ya ojuok inayotoa utomvu mweupe. Kwenye kila kona alinyoosha mkono kuonyesha mpaka, na Robi akasimama upande wake. Nikapiga wakati anaweka kidole kwenye karatasi. Nikapiga wazee wakishuhudia. Filamu yote niliimalizia hapo. Nikaitoa kwenye kamera, nikabandika kipande cha plasta juu yake, nikaandika kwa mkono wangu: OWINO, MIPAKA.

Alikufa baada ya siku nane.

Sasa nikwambie juu ya Obiero. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Owino, mfanyabiashara, mwenye ile safu ya vyumba vya matofali barabarani. Baada ya mazishi alitaka kumrithi Robi, kama ilivyokuwa desturi. Robi alikataa. Alikataa mbele ya watu, na Obiero hakuwa mtu wa kukataliwa mbele ya watu. Wiki haikuisha, ile karatasi yenye kidole cha Owino ikapotea kwenye sanduku. Wale wazee wawili wakaanza kusema hawakumbuki vizuri. Kitu kikabaki kimoja tu. Kilikuwa kwenye droo yangu.

Obiero akaja kibandani. Hakunitisha, usidhani alinitisha. Aliweka funguo mbili juu ya meza.

"Chumba cha mwisho pale, chenye stima, ni chako," akasema. "Ile filamu ya ndugu yangu umeisafisha?"

"Bado."

"Basi isisafishwe."

Nilimwangalia, nikaangalia funguo. Ningekuwa na haya ningemrudishia. Badala yake nilifungua droo, nikatoa filamu ya Owino, nikasimama mlangoni kwenye jua la saa sita, nikaivuta yote mpaka mwisho ikaning'inia mpaka chini. Filamu ambayo haijasafishwa ikiona jua, imekwisha. Tunasema imeungua. Ilichukua muda wa mtu kupenga kamasi. Kisha nikaenda nyuma nikaitupa kwenye shimo la choo, na mchana huo huo nikaanza kuhamisha vitu vyangu.

Robi alikuja siku ya tatu.

"Shemeji, nimekujia picha."

"Pole, shemeji. Filamu iliungua. Mwanga uliingia ndani ya kamera."

"Zote?"

"Zote. Hakuna kitu cha kuona pale."

Aliniangalia machoni. Halafu akaniomba kitu ambacho sikukitegemea. "Basi nipe hiyo hiyo iliyoungua. Nikae nayo."

"Niliitupa chooni, shemeji. Haina maana."

Unajua alisema nini? Alisema asante. Akafunga Boke mgongoni vizuri, akaondoka. Baada ya siku chache nyumba yake ikabomolewa, mabati yakang'olewa, na akaonekana akielekea stendi na sufuria zake kichwani. Mimi nilikuwa ndani ya chumba changu kipya nikipaka dirisha rangi nyeusi, ili chumba cha ndani kiwe cha giza la kusafishia picha. Nilimwona kupitia ufa. Niliendelea kupaka.

Karibu miaka miwili ikapita, nami nikafanikiwa. Watu walikuja kutoka Homa Bay kwenyewe kupigwa picha kwangu. Nilinunua mashine ya kukuza picha, nikaweka pazia lenye mandhari ya maua. Kuhusu Robi sikuuliza na hakuna aliyeniambia. Nilijifanya nadhani yuko kwao Ntimaru, analima.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Januari, saa nane mchana. Mimi ni Msabato, kwa hiyo Ijumaa nilikuwa naharakisha kazi nifunge mapema. Ulikuwa ukame mbaya. Soko lilikuwa vumbi tupu, hata ng'ombe walikuwa wanalambalamba chini ya mfereji uliokauka. Nje kwenye veranda alikuwa Mama Atieno, fundi wa cherehani, anashona. Nilikuwa nimeinama chini ya kaunta natafuta sanduku la karatasi. Niliposimama, Robi alikuwa mbele yangu.

Nguo yake ilikuwa imelowa. Haikuwa jasho, ilikuwa imelowa chapachapa, imemshika mwilini, na kitambaa cha kichwa kinatiririsha maji. Nilijua ni yeye mara moja. Mtu uliyemkosea huwezi kumsahau sura.

"Shemeji," akasema, "nimekujia picha."

"Robi? Umetoka wapi hivi?"

"Nimeambiwa picha zilizoungua zinaweza kurudishwa. Nirudishie zangu." Akaweka kitu juu ya kaunta.

Ilikuwa filamu. Imeviringishwa ndani ya kopo lake, ule ulimi wa mwanzo wake umeingia ndani, kama vile imerudishwa na mtu anayejua kazi. Juu yake palikuwa na plasta, na juu ya plasta mwandiko wangu. OWINO, MIPAKA.

Nikausoma mwandiko mara mbili. Ile filamu niliitupa kwa mkono huu kwenye shimo lenye urefu wa watu wanne. Nikamwambia maneno ya kijinga, nikamwambia, "Shemeji, kaa hapo kwenye benchi, ngoja nijaribu." Nilitaka tu kuondoka machoni pake. Nikaichukua, ilikuwa baridi sana, nikaingia chumba cha giza na kufunga mlango kwa komeo kwa ndani.

Labda utauliza kwa nini sikukimbia. Ningepita wapi? Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma yake. Na kuna kitu kingine, nikikwambia utaniona mpumbavu. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimesafisha filamu maelfu, na mikono yangu ilitaka kujua ndani ya hii kuna nini.

Filamu hufunguliwa gizani kabisa. Hata ile balbu nyekundu huzimwa. Unafanya kazi kwa vidole tu, unaipachika kwenye gurudumu lake, unaitia kwenye tangi, unafunika. Nikazima. Nikafungua kopo, na maji yakamwagika kwenye kiganja changu, yakateremka mpaka kwenye kiwiko. Yalinuka matope ya mto. Nikaanza kuipachika, ikakwama. Nikavuta.

Sikioni kwangu, upande wa kushoto, karibu kabisa, sauti ikasema, "Taratibu, shemeji. Usiirarue."

Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Chumba chenyewe hakikuweza kubeba watu wawili bila kugusana. Sikuguswa. Nilisikiliza pumzi yake, sikuisikia. Nilisikia maji tu, tone, tone, yakianguka kwenye saruji.

"Umeingiaje humu?" nikauliza, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Chumba hiki ulikipata kwa shamba langu. Nikikaa ndani nimekosea?"

"Robi, nisamehe."

"Safisha kwanza."

Nikaanza tena, na filamu sasa ilikuwa inaingia yenyewe, laini, kama inavutwa kutoka upande wa pili. Nililia. Mtu mzima, mume wa mtu, nililia gizani kama mtoto aliyefungiwa.

"Obiero alikuambia ufanye nini?" akaniuliza.

"Alisema isisafishwe. Alitaka iingie mwanga."

"Anapenda mwanga." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Nitampa. Nitampa mpaka aseme imetosha, na sitaacha."

"Na mimi?"

Tone, tone. Nikafunika tangi, nikalikaza. Ndipo akasema, sasa kutoka upande wa kulia:

"Wewe uliniambia hakuna kitu cha kuona. Utaniona."

Nikawasha taa. Hakukuwa na mtu. Sakafu ilikuwa na dimbwi la maji mahali ambapo miguu ya mtu ingekuwa, na komeo lilikuwa mahali pake.

Nilimalizia kazi. Nilitia dawa ya kwanza, nikatikisa tangi, nikamwaga, nikatia ya pili, kama siku nyingine yoyote, kwa sababu mikono ilijua njia. Nilipotoa filamu na kuinyoosha mbele ya balbu, nilitegemea iwe nyeusi tii kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana filamu iliyoungua huwa hivyo. Haikuwa nyeusi. Picha zilikuwepo, safi, kali, kazi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kufanya. Owino kwenye kiti. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono wake umenyooshwa. Kidole kwenye karatasi. Wazee wale wawili, nyuso zao wazi kabisa.

Halafu zikaja picha ambazo sikuzipiga.

Moja ilikuwa ya kibanda changu cha zamani. Mimi nimesimama mlangoni navuta filamu, Obiero kando yangu. Imepigwa kutoka ndani, kutoka nyuma ya meza, mahali ambapo siku ile hapakuwa na mtu. Na kwenye picha ile mimi nacheka. Mpaka leo sikumbuki kwamba nilicheka.

Iliyofuata ni njia ya miguu yenye utelezi. Iliyofuata ni mto umejaa mpaka kwenye majani. Ya mwisho ni uso wa Robi, karibu sana, nywele zimetawanyika kwenye maji, macho wazi. Unajua kwenye filamu mambo huwa kinyume, cheusi huonekana cheupe. Mboni za macho yake zilikuwa nyeupe, na zilikuwa zinaniangalia.

Nikatoka nje mbio. Benchi lilikuwa limelowa, maji yanachuruzika kwenye miguu yake. Nikamuuliza Mama Atieno, "Yule mwanamke ameenda wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyeingia kwangu sasa hivi. Mkuria, mrefu."

Aliacha kukanyaga cherehani. "Nimekaa hapa tangu asubuhi. Hakuna mtu ameingia kwako leo, hata mmoja." Kisha akachungulia ndani. "Umemwaga maji ya nani kwenye benchi na sisi tunakufa kiu?"

Sisi Wajaluo tuna jina la kitu hiki. Mtu akifa na uchungu, akarudi kudai, tunamwita jachien. Wakristo wengine hukataza hata kulitamka. Siku ile nililitamka.

Jumapili nilikuza picha zote, nikatuma mtu amwite Obiero. Usinipe sifa, sikumwita kwa toba. Nilitaka asiwe analala vizuri wakati mimi silali. Akaja na kofia yake, akaketi. Nikampa picha moja moja. Alipofika kwenye ya kidole cha nduguye akanigeukia kwa hasira.

"Uliniambia uliunguza!"

"Ulikuwa umesimama kando yangu. Uliona mwenyewe."

Akaendelea. Akafika kwenye ya kibanda. "Hii alipiga nani?"

"Sijui."

Akachukua ya mwisho, akaisogeza mlangoni aione vizuri. Aliikazia macho kwa muda mrefu. Nikamwona anakunja uso, kisha anaweka mkono juu ya macho kama mtu anayetazama jua.

"Funga mlango," akasema. "Mwanga ni mwingi."

Nje kulikuwa na mawingu, yale mawingu ya bure ya ukame. Nikafunga mlango.

"Funga, nimesema!"

"Nimefunga, Obiero. Ni giza humu."

Akavua kofia akajifunika uso. Akainuka, akagonga kaunta, akagonga ukuta, anapapasa. Mama Atieno ndiye aliyemshika mkono akampeleka nyumbani, na njia nzima alikuwa anauliza mbona jua leo limeshuka chini hivi.

Watu wa nyumbani kwake waliziba madirisha yake kwa udongo. Wakaongeza magunia. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa macho hayana ugonjwa. Wewe ukifumba macho unaona nini? Giza, si ndiyo? Yeye hakuliona. Kila kitu kilikuwa cheupe, ameyafumba au ameyafumbua, mchana au usiku. Alikuwa anawauliza watoto wake kama usiku umeingia, wakimwambia umeingia analia, kwa sababu hakuuona. Kulala alishindwa. Alikuwa anasinzia kidogo na kushtuka akipiga kelele kwamba wameacha mlango wazi. Aliishi hivyo miaka minne. Nilikwenda kumwona mara moja, na baada ya hapo sikuweza tena. Kabla ya kufa aliomba kitu kimoja tu, kaburi lake lichimbwe refu kuliko ya wengine.

Adhabu yangu nayo ilianza wiki ile ile macho ya Obiero yalipobadilika.

Nilipiga picha za kwaya ya akina mama wa kanisa. Nilipozisafisha, kwenye picha ya mwisho, safu ya nyuma, palikuwa na mwanamke mmoja wa ziada. Amelowa. Niliificha ile picha. Ikaja harusi, naye yuko nyuma ya wapambe, karibu kidogo. Wateja wakaanza kuuliza, huyu mama ni nani, mbona hatumjui? Nilisema ni kosa la filamu. Nilimwita mchungaji akaombea chumba, akapaka mafuta kwenye mlango, na nikampiga picha akiwa ameshika Biblia ili nijaribu. Robi alikuwa kando yake.

Kila filamu alisogea mbele.

Halafu binti yangu akaanza darasa la kwanza. Mke wangu akamvalisha sare mpya, akamleta studio nimpige. Nilitaka kukataa, lakini ningemwambia nini? Nikapiga moja. Usiku mke wangu amelala, nilirudi studio kuisafisha; nilikuwa najua nitakuta nini, na nikakikuta. Robi amesimama nyuma ya mtoto wangu, ameweka mkono juu ya bega lake la kushoto. Nilikimbia nyumbani. Sare ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ndani ya nyumba. Nikaishika. Imekauka yote, isipokuwa bega la kushoto. Lilikuwa bichi, lenye alama ya vidole vinne.

Asubuhi nilikwenda Ntimaru.

Nilimpata kaka yake Robi, mtu anaitwa Chacha, kwenye shamba la tumbaku. Nilipomtajia jina la Robi aliweka jembe chini.

"Dada yangu alikufa mvua ya mwaka juzi," akasema. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni mpiga picha wa Rangwe.

Aliniangalia mpaka nikatamani anipige. "Basi alikuwa anakuja kwako," akasema. "Alisikia Migori kuna mtu anajua kurudisha picha zilizoharibika. Alisema ataenda akuombe ile filamu, hata kama ni ya chooni ataitoa, ampelekee huyo mtu. Tulimwambia asubiri mto upungue. Alikataa. Tulimwopoa siku ya pili."

Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama mtoto wa kike anayetafuna muwa. Alikuwa na macho ya Owino. Nikapiga magoti pale pale kwenye tumbaku, nikamweleza Chacha yote. Hakunipiga. Aliniambia niinuke, niende nikayaseme mahali nilipoyaharibu.

Ndivyo nilivyosimama kwenye baraza. Niliziweka picha mezani mbele ya chifu mdogo, nikasema nilichofanya, nikasema na nilichopewa. Wale wazee wawili waliitwa wakajiona kwenye picha. Mmoja alisema anakumbuka sasa. Mwingine alitoka nje akatapika. Chifu mdogo akatuma watu kwa Obiero kumuuliza, na jibu likaja kutoka ndani ya kile chumba kilichozibwa: "Wapeni. Wapeni shamba lote, na mwambieni azime mwanga huu."

Shamba likarudi kwa Boke. Mjomba wake akalilima mpaka alipokua.

Sasa utafikiri Robi aliridhika. Mimi pia nilifikiri hivyo. Baada ya baraza nilimpiga binti yangu picha nyingine, nikaisafisha. Robi alikuwa bado yupo nyuma ya mtoto. Mkono tu ndio aliouondoa.

Nilirudisha funguo wiki ile ile. Kamera niliiuza kwa mtu wa mbali na sikumwambia lolote, Mungu anisamehe. Nikahamia Migori, na tangu siku hizo nasaga mahindi kwenye kinu. Watu hulalamika kelele za mashine, mimi nazipenda. Mahali penye giza na kimya nasikia maji yakidondoka, kwa hiyo nalala taa ikiwaka, na mke wangu amezoea kujifunika uso. Harusi ya binti yangu nilisimama nyuma ya jiko mpaka mpiga picha alipoondoka. Siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu. Wajukuu wakizitoa mimi nainuka naenda nje. Sijui kama kwenye simu pia anaonekana. Sijataka kujua.

Boke sasa ni mama, ana nyumba ya matofali kwenye shamba la baba yake. Tulikutana mara moja kwenye soko la Rangwe nilipokwenda mazishini. Nilimsalimia. Aliniangalia vile mama yake alivyoniangalia siku ile aliposema asante, akapita.

Wewe unayenisikiliza, labda kwako kuna kitu cha mtu. Labda ni barua, labda ni karatasi, labda ni jambo tu uliloliona likitendeka, ukaambiwa usahau. Usiseme limetupwa, usiseme haliwezi kurudi. Inuka umpelekee mwenye kitu leo, wakati yeye bado ni mtu anayebisha hodi na kusubiri nje umfungulie.